Mbale hadi Dubai na Guangzhou: umbali wa angani na muda wa safari

Mfanyabiashara wa Namatala, mjini Mbale mashariki mwa Uganda, anapokata tiketi ya Dubai huambiwa safari ni ya saa tano. Hiyo ni hesabu ya angani tu. Kutoka mlangoni kwake hadi hotelini Deira, ni vyema atenge saa 15 hadi 18.

Entebbe hadi Dubai ni kilomita 3,730 hivi kwa mstari wa moja kwa moja. Ndege isiyotua njiani huchukua saa tano na robo hivi. Shirika la Uganda Airlines, lililofufuliwa Agosti 2019, lilianza njia hiyo Oktoba 2021. Dubai iko mbele kwa saa moja, hivyo anayeruka saa 8:00 mchana hutua saa 2:15 usiku kwa saa za huko.

Kwa Guangzhou, mstari huo ni kilomita 9,070. Kupitia Addis Ababa jumla hufika 9,260, na kupitia Dubai 9,560. Tofauti ya kilomita 300 haifiki nusu saa angani. Kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili. Angalia saa za kuunganisha kabla ya kuangalia ramani. Guangzhou iko mbele kwa saa tano.

Wengine huvuka Malaba kwenda kupanda ndege Nairobi, wakiamini ni karibu zaidi na Ghuba. Ni kweli, lakini kwa kilomita 170 tu, ambazo ni dakika chache za ndege. Barabara nayo ni kama kilomita 500, dhidi ya 270 hivi za Mbale hadi Entebbe kupitia Tirinyi, Iganga na Jinja. Tiketi ya Nairobi ikionekana nafuu, jumlisha kwanza nauli ya basi na gharama ya kulala.

Njia ya Entebbe nayo ina mitego yake. Foleni ya Mukono hadi Kampala inaweza kumeza saa mbili. Wakati wa mvua, uliza hali ya barabara mapema: Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu Mbale.

Kosa linalouma zaidi ni la tarehe. Tiketi hutumia saa za kimataifa, ambapo siku mpya huanza saa sita usiku. Ikiandikwa 00:40 tarehe 12, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Msafiri anatakiwa awe Entebbe kabla ya saa 4 usiku, tarehe 11, na aondoke Mbale saa 6 mchana siku hiyo hiyo. Anayefunga mizigo jioni ya tarehe 12 ameachwa na ndege tangu usiku uliotangulia, na tiketi za bei ya chini mara nyingi hazirudishiwi fedha.