Dinosaria wa Lindi mwenye jina la Mohammadi Keranje

Ukitaja dinosaria hapa kwetu, wengi watakwambia hayo ni mambo ya sinema za Kizungu. Lakini kusini ya pwani yetu hii hii, bara ya mji wa Lindi nchini Tanzania, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba hapo mifupa ya wanyama walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Nasema "walichimba", lakini majembe yalikuwa mikononi mwa wenyeji, na shehena ilifika bandarini Lindi vichwani mwa wapagazi, mwendo wa siku kadhaa, kisha ikapakiwa melini kwenda Berlin.

Katika shehena hiyo ulikuwamo mkia. Pingili 30 za mkia, basi. Kichwa hakuna, shingo hakuna, mguu hakuna. Mwenyewe alikuwa mla majani, wa kundi la wale wakubwa wenye shingo ndefu. Anayetajwa kuwa ndiye aliyeuvumbua ni Mohammadi Keranje.

Mkia huu umewasumbua wataalamu karibu miaka mia. Mwaka 1929 Janensch aliuunganisha na mifupa ya miguu ya mnyama mwengine wa Tendaguru, ambaye tangu 1991 anaitwa Janenschia. Pingili za mwanzo wa mkia zina bonde mbele na nundu nyuma, zikaingiana kama mchi na kinu. Matitanosauri, waliotamba zama za baadaye, wana mikia ya namna hiyo, kwa hivyo Janenschia akahesabiwa miongoni mwa matitanosauri wa kale kabisa duniani. Mimi naona hapo palikuwa na haraka. Hukumu nzima ilisimama juu ya mkia na miguu ambayo haikupatikana imeungana.

Mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake waliutenga mkia ule, wakaupa jina lake: Wamweracaudia keranjei. Sehemu ya kwanza ni Wamwera, wenyeji wa Lindi, pamoja na neno la Kilatini la mkia. Ya pili ni Keranje. Wakasema pia kuwa si titanosauri, bali yuko karibu zaidi na mamenchisauri, jamaa wanaojulikana hasa kutoka China. Wao pia wana pingili za bonde na nundu. Si ajabu sana, maana zama hizo mabara hayakuwa yametengana kama leo. Shida ni kwamba mamenchisauri hutambulika zaidi kwa shingo zao, na huyu wetu ametuachia mkia mtupu. Wallahu aalam. Ikipatikana shingo Tendaguru, huenda akahamishwa ukoo tena.

Na akihamishwa, jina je? Hapa kanuni za kisayansi ziko wazi. "Wamweracaudia" linaweza kuondolewa akitiwa katika jenasi nyengine, lakini "keranjei" litamfuata huko aendako, isipokuwa ithibitike kuwa ni spishi iliyokwisha kupewa jina zamani. Boheti bin Amrani, msimamizi maarufu wa uchimbaji ule, naye alipewa lake mwaka 2007: Australodocus bohetii. Mifupa yenyewe ingali Berlin.