Bruce Cabot

Bruce Cabot (Carlsbad, New Mexico, 20 Aprili 1904 – Woodland Hills, California, 3 Mei 1972) alikuwa mwigizaji wa filamu kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa filamu ya King Kong (1933), ambamo alikuwa shujaa, na kwa filamu nyingi za kauboi, ambamo mara nyingi alikuwa adui. Kwa historia ya Tanzania ana nafasi yake pia, kwa sababu alikuwa mmoja wa waigizaji wa Hatari! (1962), filamu iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika na ambayo jina lake ni neno la Kiswahili.

Cabot ni mfano mzuri wa waigizaji ambao hawakuwa "steringi", kama mhusika mkuu anavyoitwa mitaani, lakini bila wao hadithi haisimami. Hao ndio wanaocheza adui, rafiki wa shujaa, askari au mwizi wa ng'ombe. Mtazamaji hukumbuka sura yao hata akisahau jina.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika ukoo wa Bujac, wenye asili ya Kifaransa. Wakati huo New Mexico ilikuwa bado haijawa jimbo kamili la Marekani. Ilipata hadhi hiyo mwaka 1912. Mama yake alifariki muda mfupi baada ya kumzaa.

Kabla ya kuingia katika filamu alifanya kazi za aina nyingi: alikuwa baharia, mfanyakazi wa visima vya mafuta, wakala wa bima na bondia. Alipofika Hollywood alikutana na mtayarishaji David O. Selznick, na kwa njia hiyo akapata kazi katika studio ya RKO. Huko alianza kutumia jina la Bruce Cabot.

Kutoka shujaa hadi adui

Mwaka 1933 alicheza kama Jack Driscoll katika King Kong, filamu ya Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack. Driscoll ndiye baharia anayemwokoa Ann Darrow (Fay Wray) kutoka kwa sokwe mkubwa. Filamu ilipata umaarufu duniani kote, lakini Cabot hakuwa nyota wa daraja la kwanza. Katika miaka iliyofuata alipewa zaidi nafasi za majambazi na watu wakorofi. Katika Fury (1936) ya Fritz Lang, alikuwa miongoni mwa wachochezi wa kundi linalotaka kumuua mtu asiye na hatia.

Mwaka huohuo alicheza kama Magua, adui mkuu katika The Last of the Mohicans. Magua ni Mhindi Mwekundu, yaani mmoja wa wenyeji asilia wa Marekani, ilhali Cabot alikuwa mzungu. Hollywood ya wakati huo ilikuwa na desturi ya kuwapaka wazungu rangi na kuwapa nafasi za watu wa asili nyingine, na wenyeji wenyewe kubaki nyuma ya picha. Desturi hiyo imelaumiwa sana tangu wakati huo. Cabot aliirudia hata mwishoni mwa kazi yake: katika Big Jake (1971) alikuwa Sam Sharpnose, Mwapache hodari wa kufuata nyayo.

Katika Dodge City (1939) alikuwa Jeff Surrett, tajiri mwovu anayetawala mji kwa bunduki hadi anapokuja polisi mkuu mpya, Errol Flynn. Msingi wa hadithi kama hizo si mgeni kwa msomaji wa nyanda za kati za Tanzania: ng'ombe, malisho, maji, wizi wa mifugo, na swali la nani mwenye haki juu ya ardhi.

Sundown na Vita Kuu ya Pili

Mwaka 1941 Cabot alipata nafasi kubwa katika Sundown ya Henry Hathaway, akiwa mtawala wa wilaya nchini Kenya. Mwenzake alikuwa Gene Tierney. Hadithi inahusu silaha zinazoingizwa kwa siri wakati wa vita. Hata hivyo, "Kenya" hiyo ilipigwa picha huko New Mexico, katika jimbo alikozaliwa Cabot. Ilikuwa kawaida kwa Hollywood kuionyesha Afrika bila kufika Afrika.

Wakati wa vita alijiunga na jeshi la anga la Marekani na kuwa ofisa wa usafirishaji mjini Tunis.

Pamoja na John Wayne

Baada ya vita alicheza na John Wayne katika Angel and the Badman (1947), akiwa adui aitwaye Laredo Stevens. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi kwa muda huko Ulaya. Alikuwa katika filamu ya William Tell iliyotengenezwa na rafiki yake Errol Flynn nchini Italia. Fedha ziliisha, filamu haikukamilika, na Cabot akamshtaki Flynn kwa kutolipwa mshahara.

Kuanzia The Comancheros (1961), Wayne alimwita tena na tena. Kwa jumla walikuwa pamoja katika filamu 11. Nafasi yake kubwa zaidi kati ya hizo ilikuwa katika The War Wagon (1967), kama Frank Pierce, mtu aliyempora Wayne ardhi yenye dhahabu. Katika Chisum (1970) alikuwa Brady, polisi mkuu wa wilaya ya Lincoln huko New Mexico. Brady alikuwa mtu halisi aliyeuawa mwaka 1878.

Hatari! na Tanganyika

Hatari! iliongozwa na Howard Hawks. Ilipigwa picha kati ya mwishoni mwa 1960 na mwaka 1961, kabla ya Uhuru wa 9 Desemba 1961, katika maeneo ya Arusha, Momella, Ziwa Manyara na Ngorongoro. Ilipotoka mwaka 1962, Tanganyika ilikuwa tayari nchi huru.

Hadithi inahusu kundi la watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Cabot ni mwindaji mzoefu anayeitwa "Mhindi Mwekundu" na wenzake. Mwanzoni mwa filamu kifaru anamchoma pembe mguuni. Anakimbizwa hospitali Arusha, na kwa kuwa damu yake ni ya kundi adimu la AB hasi, kijana mgeni aliyekuja kuomba kazi ndiye anayemtolea. Baadaye anamsihi Wayne aachane na vifaru, akiamini vina mkosi. Hofu hiyo inaibeba hadithi hadi siku kifaru anapokamatwa.

Wachambuzi wengi huiona Hatari! kama filamu ya kauboi iliyohamishiwa Afrika: magari badala ya farasi, kamba zilezile, na vumbi lilelile. Waigizaji wenyewe walipanda magari na kuwafukuza wanyama wa porini. Siku hizi wataalamu hutumia zaidi sindano za usingizi zinazorushwa kwa bunduki.

Filamu ina mapungufu yake. Wazungu ndio wenye maneno na maamuzi, na Waafrika wanaonekana zaidi kama wasaidizi na umati, katika nchi yao wenyewe. Pamoja na hayo imehifadhi picha za mandhari na wanyama wa kaskazini kabla ya ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 kupunguza vifaru vibaya. Mwigizaji mwenzake Cabot, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella akanunua shamba huko na kuishi kwa miaka mingi.

Kifo

Filamu moja ya mwisho ya Cabot ilikuwa Diamonds Are Forever (1971), ya James Bond, ambamo alikuwa Bert Saxby. Alifariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 68, akazikwa Carlsbad, mji alikozaliwa.

Baadhi ya filamu zake

King Kong (1933)
The Last of the Mohicans (1936)
Fury (1936)
Dodge City (1939)
Sundown (1941)
Angel and the Badman (1947)
The Comancheros (1961)
Hatari! (1962)
McLintock! (1963)
Cat Ballou (1965)
The War Wagon (1967)
Chisum (1970)
Big Jake (1971)
Diamonds Are Forever (1971)