Maneno madogo ya Kihispania na safari yake ndefu

Haya wasomaji, leo tuweke kando mambo ya seva na misimbo, tuzungumze kuhusu lugha ya watu.

Kuna orodha ambayo kila anayejifunza Kihispania angefaa kuiona mapema. Real Academia Española, chuo cha lugha kilichoanzishwa Madrid mwaka wa 1713, kilikusanya maandishi mengi katika hifadhi ya tarakilishi iitwayo CREA na kuhesabu kila neno. Kumi ya kwanza ni haya: de, la, que, el, en, y, a, los, se, del. Neno "de" peke yake linatokea karibu mara milioni 10 kati ya maneno yapatayo milioni 152. Yaani katika kila maneno mia moja, sita hivi ni "de".

Sisi waandishi wa programu tumezoea kuyadharau maneno ya aina hii. Mitambo mingi ya kutafuta huyatupa kwanza, kwa sababu hayasaidii kutofautisha ukurasa mmoja na mwingine. Kwa mashine hiyo ni sawa. Lakini kwa mtu anayetaka kununua mkate au kuuliza njia, hii ndiyo misumari inayoshika mbao. Tena kila msumari una historia, na ukiijua, kanuni nyingi hutahitaji kuzikariri.

Tuanze na "el" na "la". Kilatini, mama wa Kihispania, hakikuwa na maneno ya kazi hii. Kilikuwa na "ille" na "illa", yaani yule wa kiume na yule wa kike. Watu wa kawaida waliyatumia mno hadi yakachakaa: "ille" ikawa "el", "illa" ikawa "la". Kwa hiyo "el libro" kwa asili ni "kile kitabu". Hata "él" na "ella", maana yake yeye, yametoka hapo hapo.

Sasa "usted", neno la kumwita mtu kwa heshima. Wanafunzi wengi hushangaa: mbona ni "wewe", lakini kitenzi chake ni cha "yeye"? Jibu ni kwamba zamani watu walisema "vuestra merced", yaani "hisani yako", kama vile mtu anavyomwambia mkubwa "Mheshimiwa anasemaje?" ilhali anazungumza naye ana kwa ana. Midomo ikaufupisha msemo huo hatua kwa hatua hadi ukawa "usted". Heshima ile ilibaki ndani ya kitenzi. Ndiyo maana husemwa "usted es", wala si "usted eres". Hata kifupisho "Vd." kinachoonekana katika barua za zamani kinatokana na ile "v" ya "vuestra".

"Por" na "para" nayo huwasumbua wengi. "Para" ilitokana na "pora", yaani "por" na "a" zilizoshikana, na "a" ni neno la kuelekea. Basi kumbuka hivi: "para" ina mshale ndani yake, inaonyesha kinachokusudiwa au anayefikiwa. "Por" mara nyingi hutaja sababu au njia. "Lo hago para ti" ni nakufanyia wewe, kazi inakufikia. "Lo hago por ti" ni nafanya kwa ajili yako, wewe ndiwe sababu.

Wakati ujao pia una siri yake. "Cantaré", nitaimba, ni "cantar" na "he" vilivyounganishwa, kama kusema "nina kuimba". Msicheke, nasi tulifanya vivyo hivyo. Ile "-ta-" ya "nitaimba" inatokana na "taka", na bado inaonekana nzima katika "atakayeimba".

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike haya. Mwaka wa 711 majeshi ya Waislamu yalivuka bahari kutoka Afrika Kaskazini na kuingia Hispania. Utawala wa Kiislamu ulidumu huko, ukipungua kidogo kidogo, mpaka Granada ilipotekwa mwaka wa 1492. Mwaka huo huo Antonio de Nebrija alichapisha sarufi ya Kihispania na kumtunukia Malkia Isabel. Halafu kati ya 1609 na 1614, wazao wa Waislamu waliokuwa wamebatizwa walifukuzwa nchini kwa maelfu.

Watu walifukuzwa, maneno hayakufukuzika. "Hasta", maana yake hadi, ni "hatta" ya Kiarabu. "Ojalá", neno la kutamani jambo litokee, linatokana na maneno ya Kiarabu ya "Mungu akipenda". "Fulano" ni "fulan".

Mswahili akiyasikia lazima atabasamu. "Hata" yetu imetoka kwenye "hatta" hiyo hiyo, na mtu akisema "tangu asubuhi hata jioni" anaitumia sawasawa na "hasta". "Fulani" ni ndugu yake "fulano". Lugha mbili zilizo mbali namna hii zilichota kisima kimoja, moja kupitia Andalusia, nyingine kupitia biashara ya pwani yetu.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili si lugha kamili kwa kuwa kina maneno ya Kiarabu. Waulizwe kuhusu Kihispania. Lugha hukopa majina ya vitu kwa urahisi, lakini kukopa viunganishi ni dalili ya watu walioishi na kuongea pamoja kwa muda mrefu. Hakuna anayesema kwamba Kihispania kimepungukiwa kwa sababu ya "hasta".

Kwa hiyo ukianza kujifunza, usikimbilie majina ya matunda na wanyama. Chukua yale maneno kumi ya kwanza, uongeze "por", "para", "usted" na "hasta", na kila moja ulitungie sentensi ya mambo unayofanya kila siku. Hasta mañana, yaani hadi kesho.