Majina ya Mungu katika Maandiko: Hesabu Inasema Nini?

Mhubiri akisema kwamba neno fulani limetajwa mara nyingi katika maandiko, wasikilizaji huchukulia papo hapo kwamba neno hilo ni zito. Dhana hiyo haina msingi imara. Kauli kwamba Mungu ni upendo imo mara 2 tu katika Biblia nzima, zote katika sura ya 4 ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, aya ya 8 na ya 16. Hata hivyo imebeba sehemu kubwa ya theolojia ya Kikristo. Makala haya yanatetea hoja kwamba jumla ya neno peke yake haifundishi mengi. Kinachofundisha ni mtawanyiko wake: limejaa wapi, limeadimika wapi, na pale lilipokosekana ni jina gani limeshika nafasi yake.

Kitabu cha Ayubu kinathibitisha hoja hii vizuri. Jina Shaddai limo mara 48 katika Biblia ya Kiebrania, na mara 31 kati ya hizo zimo katika kitabu hiki kimoja. Jina YHWH, ambalo katika Agano la Kale lote limeandikwa zaidi ya mara 6,800, limo kwa wingi katika masimulizi ya mwanzo na ya mwisho ya kitabu, na vilevile pale Mungu anapomjibu Ayubu. Katika mabishano marefu ya Ayubu na rafiki zake, jina hilo linajitokeza mara moja tu, katika 12:9. Ayubu ni mtu wa nchi ya Usi, na rafiki yake Elifazi ni Mtemani. Hawatajwi kuwa Waisraeli. Kwa hiyo mwandishi amewapa vinywani majina ya Mungu yasiyofungamana na agano la Israeli. Jumla ya 6,800 isingemwonyesha msomaji jambo hilo hata kidogo.

Zaburi ya 14 na ya 53 nazo zinafanana karibu neno kwa neno. Ya kwanza ina YHWH mara 4 na jina lingine la Mungu, Elohim, mara 3. Ya pili ina Elohim mara zote 7. Tofauti hiyo haikuja kwa bahati, kwani Zaburi ya 42 hadi ya 83 kwa jumla hupendelea Elohim. Hapo mkono wa wahariri wa kale unaonekana waziwazi.

Kurani nayo ina mpangilio wake. Jina Allah limo karibu mara 2,700. Katika Sura Al-Mujadila, yenye aya 22, hakuna aya hata moja isiyokuwa nalo. Lakini katika sura tatu zinazofuatana, Al-Qamar, Ar-Rahman na Al-Waqia, halimo kabisa, ukiacha Bismillahi ya ufunguzi. Je, sura hizo hazimzungumzii Mwenyezi Mungu? La hasha. Ar-Rahman imeanza kwa jina lake la rehema, na swali lake linalorudiwa mara 31 katika aya 78 linamtaja kama Mola.

Hesabu ikipewa mamlaka kuliko maandiko, huleta madhara. Rashad Khalifa, mzaliwa wa Misri aliyeishi Marekani, alidai kwamba Kurani yote imejengwa juu ya namba 19, na kwamba jina Allah limo mara 2,698, yaani 19 mara 142. Aya ya 129 ya Sura At-Tawba ina jina hilo na ingeivuruga hesabu yake. Yeye akatangaza kwamba aya mbili za mwisho za sura hiyo si za Kurani. Wanazuoni wa Kiislamu walimpinga, na walikuwa na haki: mtafiti hurekebisha hesabu yake ilingane na matini, hakati matini ilingane na hesabu.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna tahadhari nyingine. Katika Biblia ya Union ya 1952, Mwenyezi husimama mahali pa Shaddai, na YHWH huandikwa BWANA kwa herufi kubwa. Biblia ya Habari Njema huiandika YHWH kuwa Mwenyezi-Mungu. Anayetafuta neno Mwenyezi katika simu yake atapata makumi ya aya katika tafsiri moja na maelfu katika nyingine, naye huenda akadhani anahesabu kitu kilekile.

Kitabu cha Esta kinaongeza ugumu. Matini yake ya Kiebrania haimtaji Mungu hata mara moja. Ya Kigiriki, yenye zaidi ya aya 100 za nyongeza na sala za Mordekai na Esta, humtaja waziwazi.

Kwa hiyo, kila anayetoa takwimu za maandiko, mimbarini au katika jarida, ataje matini aliyotumia, lugha yake na namna alivyohesabu, kisha aonyeshe neno limekaa wapi. Asiyeweza kufanya hivyo asiifanye idadi kuwa ushahidi.