Springi au Hewa: Historia ya Sasipensheni ya Kulipia Hadi Magari ya Umeme Yenye Kasi

Sasipensheni ndiyo inayounganisha bodi ya gari na magurudumu: springi hubeba uzito, shokapu huzuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kugonga shimo. Kwa muda mrefu mnunuzi hakuwa na la kuchagua. Springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, ambazo Obadiah Elliott wa London alizipatia hataza mwaka 1804 kwa ajili ya magari ya farasi, zilihamia kwenye magari ya injini karibu kama zilivyokuwa. Ford Model T ya 1908 ilikuwa nazo mbili, moja mbele na nyingine nyuma, zimelazwa kukatisha upana wa gari, na kila Model T ilikuwa nazo hizo hizo. Suala la kutambua gari fulani limefungwa sasipensheni gani lilikuja pale viwanda vilipoanza kuiuza kama nyongeza ya kulipia.

Nyongeza ya kwanza kubwa ilikuwa hewa. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Firestone ya Marekani ilifanya majaribio ya mifuko ya mpira iliyojazwa upepo badala ya springi za chuma, na mhandisi William Stout akaijaribu kwenye gari lake la Stout Scarab. Faida yake ilionekana kwanza kwenye mabasi. Basi tupu na basi lililojaa abiria hutofautiana mno kwa uzito. Springi ya chuma hulala mzigo unapozidi, lakini mfuko wa hewa huongezewa upepo na bodi ikabaki palepale. General Motors ilianza kuuza mabasi ya namna hiyo mwaka 1953. Ufaransa ilishika njia yake: Citroën DS, iliyozinduliwa Paris mwaka 1955, ilibebwa na oili na gesi ya naitrojeni, kazi ya Paul Magès, na dereva aliweza kuinua au kushusha gari kwa kuvuta wenzo mmoja tu. DS hazikuwa na toleo la springi za chuma, hivyo hakuna aliyehitaji kuuliza.

Marekani ndiko swali lilikozaliwa. Cadillac Eldorado Brougham ya 1957 ilitoka kiwandani na hewa kwenye magurudumu yote, na kwa magari ya mwaka 1958 General Motors ikaiuza kama nyongeza katika chapa zake zote tano, kila moja ikiwa na jina lake la biashara: Chevrolet iliita Level Air, Buick Air-Poise, Pontiac Ever-Level. Majina yalipendeza kuliko mitambo. Mifumo ilivuja, na mtu aliyeegesha gari jioni aliweza kulikuta asubuhi limelala. Chevrolet iliachana nayo baada ya 1959, Cadillac baada ya 1960. Wamiliki wengi walirudi kwa mawakala wakafungiwa springi za koili, yaani za chuma kilichojiviringisha. Matokeo yake ni kwamba gari la 1958 lililouzwa na hewa linaweza leo kuwa na koili, huku hati zake zikisema vingine. Mtego huo haujaisha hadi sasa.

Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 1958 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyodhaminiwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma, inayodai kila gari jipya libandikwe dirishani karatasi inayoonyesha bei ya msingi na bei ya kila nyongeza. Lengo lilikuwa kuwazuia mawakala wasiwapandishie wateja bei kiholela. Bila kukusudia, sheria hiyo ilimwachia mnunuzi wa gari lililotumika ushahidi bora kuliko wote: pale karatasi hiyo ilipotunzwa, inasema gari lilitoka kiwandani na nini. Namba ya fremu, yenye herufi na tarakimu 17 tangu 1981, husaidia kwa kiasi kidogo tu. Hueleza mtengenezaji, mwaka na kiwanda, lakini kwa kawaida haitaji springi.

Hewa haikufa. Mercedes-Benz iliiweka kwenye 300 SE mwaka 1961, Range Rover ikaipokea mwanzoni mwa miaka ya 1990, na S-Class ya 1998 ilikuja nayo kwa kila mteja. Zilipozeeka, mipira yake ilichanika, na vifaa vya kubadilisha hewa kuwa koili vikapata soko tena. Cadillac nayo ilirudi na ubunifu mwingine mwaka 2002: shokapu za Seville STS zilikuwa na oili iliyochanganywa na chembechembe za chuma, ambayo hukazwa au kulegezwa kwa sumaku ya umeme. Hapo zikatengana hoja mbili ambazo wauzaji wengi bado huzichanganya. Ya kwanza ni kinachobeba gari, chuma au hewa. Ya pili ni kama shokapu hujirekebisha zenyewe kwa umeme. Gari linaweza kuwa na moja bila nyingine.

Magari ya umeme yaliipa hewa kazi mpya. Betri iliyotandazwa chini ya sakafu huongeza mamia ya kilo, na Porsche Taycan Turbo S huzidi tani 2.2. Aidha, gari likishuka kwenye barabara kuu hupunguza ukinzani wa upepo, na chaji hudumu kwa kilomita nyingi zaidi. Tesla Model S ilipoanza kuuzwa Juni 2012, hewa ilikuwa miongoni mwa nyongeza za kulipia; wasioitaka walipewa koili.

Majira ya vuli ya 2013 yaliigeuza nyongeza hiyo kuwa suala la usalama. Mwezi Oktoba, karibu na Seattle, chuma kilichodondoka barabarani kilitoboa betri ya Model S iliyokuwa kwenye mwendo, na gari likawaka moto. Mwezi Novemba mkasa wa aina hiyo ukatokea Tennessee. Tesla ilijibu kwa kutuma programu kupitia intaneti, na magari yakaacha kujishusha kwenye mwendo wa barabara kuu. Walio na koili hawakupata chochote, kwa kuwa chuma hakipokei amri. Machi 2014 kampuni ilitangaza kinga ya titani chini ya betri, na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikafunga uchunguzi wake kuhusu mikasa hiyo.

Baada ya hapo majina ya matoleo yalizidi kupoteza maana kama dalili ya sasipensheni. P85D, toleo la Model S lenye mota mbili lililotoka mwishoni mwa 2014, liliuzwa na koili au hewa, na maandishi ya nyuma ni yale yale. Aprili 2019 Model S ilipata shokapu zinazojirekebisha pamoja na hewa, bila bodi kubadilika. Tesla Model 3 Performance ya 2018 ilikuwa na koili na shokapu za kawaida. Ya 2024 ilipata shokapu za umeme, ila koili ikabaki. BMW i4 M50 ya 2021 huwachanganya hata mafundi, maana mbele ni chuma na nyuma ni hewa. Taycan Turbo na Turbo S za 2019 zilikuwa na hewa tangu kiwandani, lakini Taycan ya bei ya chini iliyofuata 2021, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ilikuja na chuma isipokuwa mteja alipe zaidi.

Ushahidi wa uhakika, basi, uko kwenye gari lenyewe. Skrini ya Model S yenye hewa ina menyu ya kupandisha na kushusha gari; yenye koili haina. Menyu pekee haitoshi. Amri itolewe, kompresa isikike ikinguruma, na pande zote nne zipande. Tochi ikimulikwa nyuma ya tairi, koili huonekana kama chuma kilichojiviringisha, na hewa kama mfuko mweusi wa mpira. Waya unaoingia kwenye shokapu ni dalili ya shokapu za umeme. Vijiti vidogo vinavyopima kimo karibu na ekseli si ushahidi, kwani taa zinazojirekebisha nazo huvihitaji. Kwa magari ya kundi la Volkswagen, Porsche ikiwemo, orodha ya misimbo ya herufi na tarakimu tatu husema kilichofungwa kiwandani, si kilichobadilishwa baadaye.

Kwa Taycan suala hili lilimalizika mwaka 2024, toleo lililoboreshwa lilipopewa hewa kwa kila mnunuzi. Zilizotengenezwa kabla ya hapo zinatakiwa kukaguliwa moja moja, na muuzaji anayekataa gari liwashwe na kuinuliwa mbele ya mnunuzi hastahili kulipwa bei ya gari lenye hewa.