Kisigino cha Soksi na Akili za Wafumaji

Mguu wa binadamu haushuki moja kwa moja kama bomba. Ukifika kwenye kifundo unakunja kona, na kwenye kona hiyo ndipo kila mfumaji wa soksi amelazimika kufikiri. Bomba la uzi hufumwa kwa mazoea ya mikono. Kulipinda bila mkasi wala mshono ni hesabu. Ndiyo maana naisoma historia ya soksi kwa kuanzia kisiginoni. Nakshi hutuambia mfumaji alipenda nini na aliishi wapi. Kisigino hutuonyesha jinsi alivyowaza, na wengi wa wafumaji hao hawakuacha hata jina.

Miongoni mwa soksi kongwe zilizotufikia ni zile za Misri ya enzi ya Warumi. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina jozi ya sufu nyekundu iliyofukuliwa kwenye makaburi ya Oxyrhynchus, ya kati ya mwaka 250 na 420 hivi. Upande wa vidole umegawanyika sehemu mbili, ili ukanda wa kandambili upite katikati. British Museum nayo inayo soksi ya mtoto kutoka Antinoopolis, ya mwaka 300 hivi, yenye mistari ya rangi. Watafiti walioichunguza kwa miale maalumu ya mwanga, wakatangaza matokeo yao mwaka 2018, waliona kwamba rangi zote hizo zilitokana na mimea mitatu tu: mmoja wa nyekundu, mmoja wa buluu na mmoja wa manjano. Nyingine zilipatikana kwa kuchanganya. Soksi hizo hazikufumwa kwa namna tuijuayo leo. Mfumaji alitumia sindano moja yenye tundu na uzi mfupi, na kila kitanzi kilimdai auvute uzi wote hadi mwisho. Kazi ilikwenda polepole, lakini uzi ukikatika soksi haifumuki.

Ufumaji wa sindano mbili au zaidi, ambamo kitanzi huvutwa ndani ya kitanzi kingine, unaonekana waziwazi Misri ya Kiislamu, katika soksi za pamba za kati ya karne ya 11 na ya 14. Uzi mmoja ni mweupe, mwingine umetiwa nili. Nakshi zake ni mikanda ya maumbo ya pembepembe, na baadhi zina maandishi yanayofuata mtindo wa hati ya Kufi. Msomaji Mwislamu atakumbuka mjadala wa wanazuoni juu ya kupangusa kivazi cha mguuni wakati wa kutawadha. Hilo nalo laonyesha kwamba mavazi ya miguu yalikuwa sehemu ya maisha ya kila siku.

Hapa kisigino kinanivutia zaidi kuliko maandishi. Soksi moja ya aina hii iliyohifadhiwa Washington ilianzwa kwenye vidole, ikapanda hadi juu ya kifundo, na kisigino kikafumwa mwisho kabisa, kikishikizwa kwenye vitanzi vilivyokuwa vimeachwa wazi. Kisigino ndicho huchakaa kwanza, basi yaelekea mfumaji yule aliiandaa soksi ili siku ya kutoboka ifumuliwe sehemu hiyo peke yake na kufumwa upya. Katika karne ya 20 Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, aliwafundisha wasomaji wake njia yenye wazo lilelile: fuma bomba zima, kata kitanzi kimoja mahali pa kisigino, fumua mstari, kisha okota vitanzi na ufume kisigino. Anayekata kwa mara ya kwanza mkono humtetemeka.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa Florence, alizikwa mwaka 1562 akiwa amevaa soksi ndefu za hariri nyekundu, zilizojaa mapambo kwenye ukingo wa juu. Katika enzi hiyo kisigino cha Ulaya kilianza na kipande bapa kilichoteremka nyuma ya mguu kutoka kwenye nusu ya vitanzi. Mwanzoni kipande hicho kilikunjwa na kuunganishwa chini ya kisigino. Baadaye wafumaji wakajifunza kukigeuza kwa kupunguza vitanzi kidogo kidogo, kikachukua umbo la kikombe. Kisha huokotwa vitanzi pembeni mwa kipande, na pembetatu mbili huziba nafasi kati ya kisigino na mgongo wa wayo, kama kikwapa kinavyoziba nafasi kati ya mkono na ubavu wa kanzu. Wengi huruka kitanzi kimoja katika kila viwili wanapofuma kipande hicho, ili kiwe kinene na kidumu.

Kifundoni hapo, juu ya pembetatu, ndipo Wazungu walipoweka pambo lao maarufu, nakshi ndefu inayopanda ubavuni mwa mguu. Katika soksi za kitambaa zilizotangulia, mahali hapo palikuwa na mshono, na nakshi iliufunika. Soksi za kufuma hazikuwa na mshono wa kufunikwa, lakini pambo lilibaki.

Biashara ilikuwa kubwa. Kisiwani Jersey watu waliziacha kazi nyingine kwa ajili ya soksi, hata sheria ya mwaka 1608 ikawakataza wenye umri wa zaidi ya miaka 15 kufuma wakati wa mavuno na wa kukusanya mwani wa kurutubishia mashamba. Miaka 19 kabla ya hapo, mwaka 1589, William Lee wa Nottinghamshire alikuwa ameunda mashine ya kufumia soksi. Mashine yake ilitoa kipande bapa kilichopaswa kushonwa. Bomba lisilo na mshono liliendelea kutoka mikononi mwa watu.

Mashine za baadaye ziliweza kufuma kwa kuzunguka, na kisigino chake ni cha safu fupi: mfumaji, au mashine, hugeuka kabla ya kufika mwisho wa safu, kila safari akiacha kitanzi kimoja zaidi, kisha huvirudia kimoja kimoja. Tazama soksi ya shule ubavuni mwa kisigino; mstari wa mshazari unaouona hapo ndio alama ya safu hizo.

Anayefuma kwa mkono leo huchagua kwa kuutazama mguu na nakshi pamoja. Mgongo wa wayo ukiwa juu, kipande bapa na pembetatu zake huupa nafasi, ilhali safu fupi huweza kuubana. Lakini pembetatu huongeza vitanzi ghafla, na mistari ya rangi inayouzunguka mguu huvurugika. Kwa soksi ya mistari, safu fupi au kisigino cha kutiwa mwisho huiacha rangi ipite mbele ya mguu bila kukatika. Nakshi kubwa nazo huishia kifundoni. Kisiginoni na chini ya wayo wafumaji wengi wa nakshi za rangi huweka vidoadoa au vistari vyembamba, kwa sababu uzi wa pili unaopita nyuma ya kila kitanzi hupunguza mnyumbuko, na ukibadilishwa mara kwa mara hauachi nyuzi ndefu za kunasa vidole.