Rubani wa Afmadow na wenzake wawili kisimani

Vijana wenzangu, tukisikia Vita vya Pili vya Dunia tunafikiria Ulaya tu. Kumbe vilipita kwetu pia.

Mpaka 1925 Burgao, Kismayo na Jubaland yote ilikuwa chini ya Kenya. Mwaka huo Uingereza ikaipa Italia. Kwa hivyo Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, mpaka wetu wa kusini ukawa mstari wa vita. Ng'ambo ya pili kulikuwa na Waingereza, na ndege za Afrika Kusini zilikuja Kenya kuwasaidia.

Tarehe 19 Juni 1940, Kapteni Robert Preller wa Skwadroni ya 11 ya Afrika Kusini aliruka kuchunguza uwanja wa ndege wa Afmadow, kama kilomita 110 kutoka Kismayo. Ndege yake ilikuwa Fairey Battle, ndege ya mabomu yenye injini moja na watu watatu. Ikapigwa risasi kutoka chini, akalazimika kuishusha porini, ndani ya ardhi ya adui. Wote watatu walitoka hai.

Wakaanza kutembea kuelekea Kenya. Kutoka Afmadow mpaka mpakani ni zaidi ya kilomita 100, miiba na jua. Anayejua pori lile anajua hapo silaha haisaidii kitu, mambo yote ni maji. Wenzake walipochoka, Preller aliwaacha penye kisima akaendelea peke yake. Akapata msaada. Wale wawili wakafuatwa, nao wakaokolewa. Preller akapewa nishani ya DFC. Februari 1941 Waingereza wakateka Afmadow, na tarehe 14 wakaingia Kismayo.

Sasa fikiria 1991. Sisi wa pwani tulikimbia kwa mashua kwenda Lamu na Mombasa, lakini watu wa bara walipita pori lilelile, upande uleule. Wako waliowaacha mama au ndugu chini ya mti wakaenda kutafuta maji. Wengine walirudi wakawakuta, wengine hawakuwakuta. Mpaka leo kuna wazee kambini hawapendi kuulizwa habari hiyo, maana wanaona kama walikimbia watu wao.

Mimi naona tofauti. Preller naye aliacha watu, na hakuna aliyemwita msaliti. Angebaki, huenda wote watatu wangekufa palepale. Kitu kilichowaokoa wenzake ni kwamba aliyefika alisema wako wapi, na waliomsikia wakaenda.

Kwa hivyo ndugu zetu wa mashirika, mtu akifika mpakani amechoka, mpeni maji kwanza. Kabla ya jina na alama za vidole, muulizeni: umemwacha nani nyuma, na wapi? Na sisi vijana, tusiwahukumu wazee wetu. Nishani hawakupewa, lakini safari yao ilikuwa ileile.